Kupima Injini Kuukuu ya Petroli Kabla ya Kununua Mashua

Huko Marekani, mtu mwenye fedha za kadiri akitaka kununua mashua ya matanga iliyokwisha kutumika, mara nyingi hukuta ndani yake injini ndogo ya petroli iitwayo Atomic 4. Injini hiyo ilitengenezwa na Universal Motor Company katika mji wa Oshkosh, jimbo la Wisconsin, tangu 1947 hata katikati ya miaka ya 1980, na zilizotengenezwa zapata 40,000. Ina silinda nne na nguvu za farasi zipatazo 30, nayo hutumika upepo unapokoma au chombo kinapoingia bandarini. Nyingi bado zinafanya kazi, na vipuri vyake vinapatikana. Kwa hiyo mnunuzi asiikatae kwa sababu ya umri wake tu. La kuuliza ni hili: je, chumvi na uzembe wa wenyewe vimeiharibu kadiri gani? Akikosea, huenda akalazimika kutia injini mpya ya dizeli, ambayo gharama yake pamoja na kazi ya kuifunga yaweza kuzidi bei ya mashua yenyewe.

Muuzaji na aarifiwe mapema ya kuwa injini isiwashwe siku hiyo. Mnunuzi afikapo, kwanza aiguse kwa mkono. Injini iliyokwisha kupata moto huwaka upesi na kuficha kasoro zake. Ile iliyolala usiku kucha husema kweli. Akiikuta ina joto, afadhali arudi siku nyingine, hata muuzaji akinuna.

Kisha achomoe kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si ajabu. Yenye rangi ya chai ya maziwa ndiyo ya kuogopwa, maana imechanganyika na maji. Pengine maji hayo yamepita katika gasketi iliyoungua au katika ufa wa chuma. Lakini yaweza kuwa na asili nyingine: mtu akiizungusha injini kwa stata muda mrefu isiwake, pampu huendelea kuvuta maji ya bahari, nayo hujaa katika bomba la moshi na kurudi ndani ya silinda, kwa kuwa hakuna moshi wa kuyasukuma nje.

Maji, basi, ndiyo adui mkubwa. Nyingi za injini hizi hupozwa kwa maji yale yale ya nje, yanayopita ndani ya chuma chake, na baharini hayo ni maji ya chumvi. Miaka inavyopita, kutu huziba njia zake na kula chuma. Injini iliyotumika katika Maziwa Makuu ya Marekani, yenye maji matamu, yaweza kuwa nzima kuliko nyingine changa iliyotumika baharini. Walakini katika nchi ya baridi kali, maji yaliyosahauliwa ndani huganda, hutanuka, na kupasua chuma. Rangi mpya ubavuni mwa injini itazamwe kwa makini, isije ikawa imefunika ufa uliozibwa.

Halafu plagi zote nne zitolewe, na mgandamizo wa kila silinda upimwe peke yake. Katika injini nzima ya namna hii kipimo huwa karibu ratli 100 kwa kila inchi mraba, lakini kulingana kwa silinda ni jambo kubwa kuliko hesabu hiyo. Silinda moja ikiwa chini sana, wanunuzi wengi hukimbia, na pengine hukimbia bure. Valvu za injini iliyokaa muda mrefu bila kazi hunata, na oili nyepesi pamoja na subira huweza kuzilegeza. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, huenda gasketi imepasuka kati yake.

Kabla ya kuiwasha liko jambo la uhai. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kulala katika ngama, chini kabisa ndani ya chombo, na cheche moja yatosha kulipua mashua na watu wake. Sheria ya Marekani hutaka mashua zenye injini za petroli za ndani, zilizoundwa baada ya Julai 31, 1980, ziwe na feni ya kuutoa mvuke huo, na maagizo ni kuiendesha dakika nne kabla ya kuwasha. Pua nayo ni chombo kizuri: mtu ainame anuse. Petroli ikinuka, injini isiwashwe mpaka tanki, mipira na kabureta vimekaguliwa.

Ikiisha kuwaka, mashua ifungwe imara gatini, injini itiwe gia, ifanye kazi nusu saa. Kuvuma bila mzigo hakuonyeshi kitu. Maji yatoke mfululizo katika bomba la moshi. Moshi wa buluu usiokoma ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli iliyozidi, na mara nyingi hiyo ni kasoro ndogo ya kabureta. Joto likizidi kupanda bila kutulia, yaelekea njia za maji zimeziba. Mwishowe mwendo upunguzwe, na kipimo cha nguvu ya oili kitazamwe: kikishuka karibu na sifuri, yamkini beringi zimelika, na hiyo ni gharama kubwa.

Fundi wa kukagua na achaguliwe na mnunuzi, si na muuzaji. Desturi ya huko ni kuandika katika mapatano ya kuwa arabuni itarudishwa kama ukaguzi na majaribio ya majini hayakumridhisha mnunuzi.