Mafunzo Niliyopata Katika Usiku wa Dansi Kariakoo

Kijana mwenye ndoto kubwa huambiwa akakae na vitabu na wakubwa wa kazi. Akae nao. Lakini mimi mengi nimeyapata DDC Kariakoo, Dar es Salaam, nikiwa na bia yangu mezani na Mlimani Park Orchestra, wana Sikinde, wakiwa jukwaani. Manne kati ya hayo nakuachia wewe.

1. Fika kabla ukumbi haujajaa

Jioni moja niliingia wahudumu wakiwa bado wanafuta meza. Jukwaani mpiga solo na mpiga rizimu walikuwa wanarudia kipande kifupi kilekile. Mmoja anapiga, mwenzake anatikisa kichwa, wanaanza upya. Nilishangaa, maana wimbo wenyewe walikuwa wameupiga miaka nenda rudi. Usiku ulipokolea, kipande kile kilipita mara moja tu, na ukumbi mzima ukasimama. Kazi inayowanyanyua watu vitini hufanywa watu wakiwa bado hawajaja. Ukitaka kumjua fundi, mtazame akijiandaa.

2. Usilikimbilie chemko

Nyimbo nyingi za dansi letu huanza taratibu ili maneno yasikike: ndoa, wivu, wosia, ugomvi wa ndugu. Baadaye magita hubadilika, tarumbeta na saksafoni hujibizana, na chemko linaanza. Vijana tulikuwa tukilisubiri hilo tu. Wazee wa meza ya jirani walisikiliza kisa chote, wakabishana nani mwenye haki, mume au mke. Chemko lilipoingia, waliinuka na kucheza kwa raha iliyotuzidi, kwa sababu walijua wanachokicheza. Hata katika kazi, mwenye subira ya kuelewa mwanzo ndiye anayefaidi mwisho.

3. Vyombo ni vya mwajiri, ufundi ni wako

Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki walilipwa mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Bendi nyingi za enzi hizo ziliendeshwa hivyo. Mwaka 1978 Muhiddin Maalim Gurumo aliiacha, wakati huo ikiitwa Juwata, akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park pamoja na Abel Balthazar. Mwaka 1985 wote wawili wakahamia Orchestra Safari Sound. Magita yalibaki kwa wenyewe. Utunzi na sauti waliondoka navyo.

Na Mlimani Park haikufa. Walibaki watu kama Michael Enoch, aliyetamba na gita la solo Dar es Salaam Jazz, kisha akapuliza saksafoni Sikinde, huku akiwanoa wengine. Hapo nikajifunza mambo mawili: kazi uijue kiasi kwamba ukihama unahama nayo, na wenzako uwafundishe kiasi kwamba ukiondoka nyumba haitetereki.

4. Mtuze na wa nyuma

Usiku mwingine mama mmoja aliyejifunga kanga kiunoni aliinuka katikati ya wimbo, noti mkononi. Wote tulidhani anamwendea mwimbaji. Akampita, akawapita wapiga magita, akaenda mpaka kwa mpiga tumba pale nyuma na kumbandika noti kwenye paji la uso lililolowa jasho. Kijana yule alipiga tumba usiku huo kama ambavyo hajawahi kuzipiga. Utaongoza watu siku moja, nina hakika. Siku hiyo watafute wanaoshika mapigo mahali macho hayafiki, uwashukuru mbele ya wote.

Kumbi za dansi za zamani zinaishi kwa kiingilio cha leo, sifa za jana hazilipi mshahara wa mpiga besi. Basi wikiendi hii tafuta bendi inayopiga karibu nawe. Lipa mlangoni, fika mapema, msikilize mtunzi mpaka mwisho, kisha ucheze.