SOMO: Kuchagua Mimea Mifupi kwa Ukingo wa Mawe Wenye Kivuli



Katika sehemu za milima, ghala la chama cha msingi aghalabu hujengwa juu ya kiwanja kilichochongwa ubavuni mwa mlima. Nyuma ya ghala hubaki ukingo wa mawe na udongo, na juu yake husimama miti inayotia kivuli siku nzima. Kila masika udongo hutoka katikati ya mawe, mawe hulegea, na matope hufika ukutani mwa ghala lenye mazao ya wanachama. Somo hili lahusu namna ya kuchagua mimea mifupi itakayoushika udongo huo, ili fedha ya chama isipotee katika miche itakayokufa kabla ya mwaka kwisha.

1. Kivuli cha miti pekee hakitoshi

Wako wanaodhani kwamba penye miti udongo umekwisha kulindwa. Sivyo. Matone ya mvua hukusanyika juu ya majani, huungana kuwa makubwa zaidi, kisha huanguka. Mti ukiwa mrefu, tone hilo hupata tena mwendo mkali na kuuchimba udongo ulio wazi. Kinachovunja nguvu yake ni jani lililo karibu na ardhi, au majani makavu yaliyolala chini. Kwa hiyo anayefagia kiwanja asiufagie ukingo.

2. Tazama mahali kabla ya kuchagua mmea

Katibu na wajumbe wawili waende ukingoni asubuhi, adhuhuri na alasiri, na waandike mambo matatu:

(a) Jua hufika wapi, na kwa muda gani?
(b) Udongo ulio kati ya mawe una kina gani? Kijiti kitaonyesha.
(c) Mvua inyeshapo, maji hupita wapi?

Ikiwa maji ya paa au ya barabara humwagika juu ya ukingo, hapana mmea utakaoyashinda. Kwanza uchimbwe mfereji wa kuyaepusha, ndipo upandaji ufuate.

3. Mimea isiyofaa ingawa ni rahisi kupatikana

Ukoka hushika udongo vizuri sana juani, lakini kivulini hudhoofika na kuacha mapengo. Viazi vitamu navyo hupenda jua. Chini ya miti hurefusha mashina, wala havifuniki ardhi sawasawa. Kongwe hustawi penye unyevu na kivuli, lakini kila kipande cha shina lake kinaweza kuota. Kikiingia katika shamba la kahawa la jirani, kitawapa watu kazi ya palizi isiyokwisha.

4. Mimea inayofaa

Pembezoni, jua lifikapo kwa saa chache, yafaa Arachis pintoi, jamaa ya karanga yenye asili ya Brazili. Hutambaa, hutoa maua ya manjano, na mizizi yake huongeza naitrojeni katika udongo.

Penye kivuli kizito na udongo wa kiasi, yafaa Chlorophytum comosum, mmea wa Afrika wenye majani marefu membamba. Mizizi yake ni minene, nayo hustahimili ukavu wa muda. Hutoa vichipukizi kwenye vikonyo, hivyo mche mmoja wa kuombwa kwa mwanachama huzaa mingi bila gharama.

Katika nyufa zenye unyevu, panda kangaga. Kando yake yaweza kupandwa Impatiens walleriana, ua la asili ya Afrika Mashariki lichanualo kivulini, mradi lisikose maji wakati wa kiangazi.

5. Fundisho kutoka Usambara

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, alikusanya ua dogo la rangi ya zambarau. Mwaka 1893 Hermann Wendland aliliita Saintpaulia ionantha. Siku hizi hupandwa vyunguni Ulaya na Marekani, lakini nyumbani kwake Usambara hukaa juu ya miamba yenye unyevu chini ya msitu. Miti ikikatwa, mwamba hukauka na ua hufa. Basi tujifunze mambo mawili: tusikate miti ya kivuli baada ya kupanda chini yake, na tusiende msituni kuling'oa ua hili kwa ajili ya kupamba ofisi.

6. Upandaji

Panda mvua za masika zinapoanza kutulia ardhini, mche hadi mche sentimeta 20 hadi 30. Usiyang'oe mawe yaliyoshikana. Jaza udongo na samadi iliyooza katikati yake. Mwaka wa kwanza jaribuni sehemu ndogo tu, kila aina mahali pake. Katibu aandike aina ipi imekufa na ipi imeenea. Mkutano wa wanachama ukiona daftari hilo, utaidhinisha gharama ya ukingo wote kwa ushahidi, si kwa kubahatisha.

Maswali ya kujadiliwa chamani

1. Ukingo ulio nyuma ya ghala letu hupata jua kwa saa ngapi?
2. Maji ya paa letu huelekea wapi?
3. Ni mwanachama gani aliye na miche ya kuanzia?