Ukiinua Sakafu ya Choo, Inua na Bomba Lake

Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kuunganisha upya choo cha kumwagia maji na bomba lake baada ya kuinua sakafu. Mfano wetu unatoka Kawempe, mojawapo ya tarafa tano za Jiji la Kampala, Uganda. Lakini ikiwa makazi yako hapa kambini yapo bondeni, somo hili linakuhusu pia.

Kwa nini Kawempe?

Mitaa ya Bwaise na Kalerwe iko mahali pa chini, kandokando ya mfereji wa Nsooba unaopeleka maji kwenye kinamasi cha Lubigi. Maji ya ardhini yako karibu, hivyo mashimo ya vyoo hayawezi kuchimbwa kwenda chini sana. Mvua kubwa ikinyesha, maji huingia majumbani. Ndiyo maana watu hujaza kifusi na kuinua sakafu, na vyoo vingi hupandwa kwa ngazi. Mwishoni mwa 1997, wakati wa mvua za El Niño, kulizuka kipindupindu Kampala, na mitaa ya mabondeni iliathirika sana.

Kosa linalofanyika

Tuseme familia imeinua sakafu kwa sentimita 20. Bomba la zamani limebaki chini. Fundi anaweka sinki la choo juu, kisha anaziba nafasi iliyobaki kwa matambara na saruji. Kwa macho, kazi inapendeza. Lakini kila mara maji yanapomwagwa, uchafu kidogo unavujia ndani ya kifusi. Baada ya muda ukuta unalowa, sakafu inatitia, na mtoto anayetambaa anashika unyevu huo na kutia mkono mdomoni. Hapo ndipo kuhara kunapoanzia.

Hatua za kufuata

1. Mwarifu mhamasishaji wa afya wa eneo lako kabla ya kuvunja chochote. Vaa glavu na viatu vya mpira.

2. Ondoa sinki la zamani. Safisha mdomo wa bomba, kisha uzibe kwa tambara lililofungwa kamba, ili kifusi kisiingie.

3. Ongeza kipande cha bomba chenye upana uleule, kwa kawaida inchi 4. Usitumie bomba jembamba. Kiunge kwa soketi na gundi ya mabomba. Bomba la juu liingie ndani ya mdomo wa lile la chini, si kinyume chake, ili uchafu usikwame kwenye kiungo.

4. Ikiwa unalaza bomba jipya kwenda shimoni, literemke angalau sentimita 3 kwa kila mita moja. Bomba la mita 3 literemke sentimita 9.

5. Gundi ikikauka, jaza maji katika kipande ulichoongeza, tambara likiwa bado chini ya kiungo. Weka alama na usubiri nusu saa. Kagua kiungo kwa nje. Kikitoa hata tone moja, rudia kazi. Kikiwa kikavu, vuta tambara kwa kamba yake.

6. Jaza kifusi kidogo kidogo na ukishindilie kila tabaka. Kifusi kisichoshindiliwa hushuka baadaye na kuvunja kiungo.

7. Weka sinki na ulisawazishe kwa pimamaji. Shingo yake iliyopinda lazima ibaki na maji daima, kwani ndiyo inayozuia harufu na nzi. Mwaga lita 2 au 3 uone kama zinashuka bila kusita. Ndipo umwage zege.

Usisahau shimo

Kuinua sakafu hakuinui shimo. Ikiwa mdomo wa shimo uko chini ya alama ya mafuriko, maji yataingia humo na kuutoa uchafu nje. Tafuta alama ya mafuriko ukutani. Kwa mpira wa maji wanaotumia mafundi, linganisha alama hiyo na mdomo wa shimo na sinki. Vyote viwili viwe juu ya alama. Kama mdomo wa shimo uko chini, ujengewe kwenda juu na ufunikwe vizuri. Kamwe usifungue shimo wakati wa mvua ili uchafu uchukuliwe na maji: utaingia kwa jirani, na kesho wa jirani utaingia kwako.

Maswali ya kujadili nyumbani

- Choo chetu kikimwagiwa maji, yanakwenda wapi?
- Alama ya mafuriko iko wapi ukutani kwetu?
- Nani alikagua kiungo kabla hakijafunikwa?

Ndugu msomaji, ukimwajiri fundi, mwambie asifunike kiungo kabla hujakiona kwa macho yako. Kusubiri nusu saa ni rahisi kuliko kuvunja zege. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.