Usiwashe gari ndani ya banda

Asubuhi za baridi ya Julai jijini Nairobi, wengi huwasha gari lingali bandani ili injini ipate moto. Ni desturi mbaya. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200. Mtu huendelea kupumua huku mwili ukikosa hewa.

Wapenzi wa magari ya kisasa husema kichujio cha moshi huimaliza gesi hiyo. Lakini kichujio hakifanyi kazi vyema kikiwa baridi, na mafundi wengine hukiondoa na kukiuza!

Ukiumwa kichwa, ukihisi kizunguzungu au kichefuchefu, toka nje mara moja, kisha uende hospitali ukapewe oksijeni. Kufungua mlango wa banda pekee hakutoshi. Lisukume gari nje kwanza.