Nani Anakula Betri ya Simu? Somo la Kupima na Kukadiria

Mkoani Shinyanga simu ya mkononi si chombo cha mazungumzo tu. Mpango wa m-mama, uliofanyiwa majaribio Sengerema na Shinyanga kabla ya kuenezwa nchini kuanzia mwaka 2022, hutegemea simu kumfikisha hospitali mama mjamzito au mtoto mchanga aliye hatarini. Mtu hupiga namba 115 bila malipo. Mratibu hutafuta gari la wagonjwa, na lisipopatikana humwita dereva wa kijijini. Simu ya dereva ikiwa imezimika kwa kukosa umeme, msaada huchelewa. Kwa hiyo swali la nani anakula betri lastahili kujibiwa kwa vipimo, si kwa kubahatisha.

1. Nishati iliyomo katika betri

Tuchukue simu ambayo betri yake imeandikwa miliampea-saa 4,000 na volti 3.8. Miliampea-saa 4,000 ni sawa na ampea-saa 4. Basi:

Nishati = 4 × 3.8 = wati-saa 15.2

Uniti moja ya umeme ni wati-saa 1,000. Hata tukihesabu umeme unaopotea kama joto wakati wa kuchaji, uniti moja yaweza kujaza betri hiyo mara 50 hivi. Tatizo la mwanakijiji, basi, si wingi wa nishati inayohitajika, bali ni umbali wa mahali pa kuipata. Ndiyo maana inampasa kujua inavyotumika.

2. Jedwali la simu hutoka wapi?

Katika simu nyingi, ukifungua Mipangilio, kisha Betri, utaona orodha ya programu na asilimia ya kila moja. Wengi hudhani kwamba kila programu imefungiwa mita yake kama nyumba ya mpangaji. Sivyo. Saketi ndogo iliyomo ndani ya simu hupima volti na mkondo wa betri nzima. Mgawanyo wa programu moja moja, katika simu nyingi, ni makadirio. Simu hukumbuka kioo kiliwaka kwa muda gani, prosesa ilifanya kazi kiasi gani, na redio ya mawasiliano ilitumwa na programu ipi. Kisha huzidisha muda huo kwa mkondo uliokadiriwa na mtengenezaji kwa kila kiungo. Kwa mfano, kioo kikikadiriwa kutumia miliampea 200, na kikiwaka saa 3, simu itaandika miliampea-saa 600.

Hapa pana funzo kubwa: programu yenyewe haili umeme. Wanaokula ni maunzi, yaani viungo vya chombo: kioo, prosesa, redio ya mawasiliano, kipokezi cha satelaiti cha kuonyesha mahali, kamera na kipaza sauti. Programu ni mwenye kuviamuru.

3. Kusoma asilimia

Asilimia haina maana mpaka ujue ni asilimia ya kitu gani. Tuseme betri yetu imeshuka kutoka 100 hadi 60. Kilichotumika ni 40% ya 4,000, yaani miliampea-saa 1,600. Jedwali laonyesha kwamba programu ya video imetumia 25%. Ikiwa simu hiyo hugawa kile kilichotumika tu, video imetumia miliampea-saa 400. Mwenye kudhani kuwa ni robo ya betri nzima atasema 1,000, na atakuwa amezidisha mara mbili na nusu.

4. Mnara ulio mbali

Simu huongeza nguvu ya kurusha mawimbi kadiri mnara unavyofifia. Simu ya GSM katika masafa ya megahezi 900 yaweza kurusha hadi wati 2. Ikiwa karibu na mnara, mtandao huiamuru ishuke hadi miliwati chache. Aidha, simu iliyopoteza mtandao huutafuta tena na tena, hata ikiwa mfukoni. Hivyo ujumbe uleule waweza kugharimu nishati nyingi zaidi bondeni kuliko mjini, na lawama ikaangukia programu iliyoutuma.

5. Jaribio

Mwalimu atumie simu yake. Wanafunzi waandike vipimo. Kwa usiku tatu, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, simu iachwe kioo kikiwa kimezimwa, na betri ikianzia 80% kila mara:

(a) Usiku wa kwanza: Hali ya ndegeni.
(b) Usiku wa pili: mtandao umewashwa, mahali penye mawimbi mazuri.
(c) Usiku wa tatu: mtandao umewashwa, mahali penye mawimbi hafifu.

Kwa nini saa 10 na si saa moja? Kwa sababu kipimo chetu husoma asilimia nzima tu. Asilimia moja ya betri hii ni miliampea-saa 40. Simu iliyolala ikitumia miliampea 10, itahitaji saa 4 kushuka asilimia moja. Jaribio la saa moja lisingeonyesha lolote. Vilevile, tofauti ya asilimia moja kati ya usiku mmoja na mwingine isichukuliwe kuwa ushahidi, rudieni jaribio.

Tahadhari: Betri ya lithiamu isifunguliwe, isitobolewe, wala isiachwe juani. Joto kali huidhoofisha, na iliyovimba isichajiwe tena.

Atakayefanya jaribio hili ataweza kumshauri dereva au mhudumu wa afya kwa hoja: apunguze mwangaza wa kioo, azime kipokezi cha mahali asipokihitaji, na simu ailaze mahali penye mawimbi mazuri. Hali ya ndegeni huhifadhi betri kuliko yote, lakini humfanya asipatikane. Haimfai mtu anayesubiri kuitwa.

Maswali

1. Betri ya miliampea-saa 5,000 na volti 3.8 ina wati-saa ngapi?
2. Betri ya miliampea-saa 4,000 imeshuka kutoka 90% hadi 65%. Programu ya redio imepewa 30% ya kilichotumika. Imetumia miliampea-saa ngapi?
3. Simu mbili za aina moja zililala usiku kucha bila kuguswa, moja ikashuka zaidi ya nyingine. Taja sababu mbili, na ueleze utakavyozitenganisha kwa jaribio.