Mwenzako Asipolipa Kodi

Vijana wengi wakitoka kijijini kwenda mjini kutafuta kazi, hupanga nyumba moja na kuchangia kodi. Ni jambo jema, maana mzigo huwa mwepesi. Lakini mmoja asipolipa, nani atadaiwa?

Tuchukue mfano wa hapa Tanzania. Mshona nguo, muuza samaki na fundi baiskeli wamepanga nyumba ya vyumba vitatu. Kodi ni Sh. 90,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, yaani Sh. 540,000. Fungu la kila mmoja ni Sh. 180,000. Mshona nguo na muuza samaki wametoa. Fundi baiskeli hakutoa.

Kwanza uliza: walipatanaje na mwenye nyumba? Kama kila mmoja alipatana naye peke yake, kwa chumba chake, deni ni la fundi. Wenzake hawadaiwi.

Kama walipatana naye wote watatu kwa pamoja, mambo ni mengine. Hapa ndipo watu hushangaa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kwamba watu wakiahidi jambo pamoja, yeyote kati yao anaweza kudaiwa ahadi yote, isipokuwa kama walipatana vingine. Basi mwenye nyumba anaweza kumwambia mshona nguo alipe zile Sh. 180,000 zilizobaki. Akijibu, "Mimi nimeshatoa fungu langu," jibu hilo halitoshi.

Lakini sheria hiyo hiyo inamlinda mshona nguo. Akilipa, ana haki ya kumdai fundi Sh. 180,000 zote. Je, fundi akitoroka na hapatikani? Hapo muuza samaki atabeba nusu ya hasara. Piga hesabu: 180,000 gawa kwa 2 ni 90,000.

Kuna namna ya tatu, nayo huleta matata mengi. Mmoja ndiye aliyepanga, na wengine humpa yeye mafungu yao. Mwenye nyumba anamjua huyo mmoja tu. Akizitumia fedha zenu, mwenye nyumba atasema hajaona kitu, na ninyi hamna karatasi mkononi. Kama mnakaa hivi, ombeni mwenye nyumba awatambue wote.

Watu huona haya kumwomba rafiki stakabadhi. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika, usione haya. Andika hivi:

"Mimi ............ nimepokea kwa ............ Sh. 180,000 (laki moja na themanini elfu), fungu lake la kodi ya miezi sita, kuanzia tarehe ......... hadi tarehe ......... Sahihi ya mpokeaji ......... Sahihi ya shahidi ........."

Soma kabla ya kutia sahihi. Andika fedha kwa tarakimu na kwa maneno, ili mtu asiongeze sifuri. Weka karatasi hiyo pamoja na vyeti vyako.

Mwenzako akichelewa, zungumza naye mapema, kabla mwenye nyumba hajabisha hodi. Pengine ameuguliwa, na mnaweza kupatana alipe kidogo kidogo. Andikeni mapatano hayo. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ukiwa na stakabadhi zako. Ikishindikana, deni kati yako na mwenzako hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mgogoro wa wapangaji na mwenye nyumba unaweza kufikishwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Usimtolee mwenzako vyombo nje, wala usiuze redio yake ili ujilipe. Ukifanya hivyo, wewe mwenye haki ndiwe utakayeshtakiwa.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Watu wanne wamepanga nyumba pamoja kwa Sh. 80,000 kwa mwezi. Mmoja ametoroka bila kulipa fungu lake la mwezi mmoja. Kila mmoja wa waliobaki atabeba hasara ya kiasi gani?
2. Je, ndugu wa damu nao waandikiane stakabadhi?
3. Jaza stakabadhi iliyo hapo juu kwa majina ya watu wawili wa darasa lako.