Dondoo muhimu: Kuchora mandhari ukipanda Usambara

- Beba vichache: daftari la karatasi nene, rangi za maji, penseli, brashi mbili, kitambaa na chupa ya maji.
- Wahi asubuhi. Jua likifika utosini vivuli hupotea, na milima inayoonekana kutoka Irente, Lushoto, huwa kama bapa.
- Anza na penseli: upeo wa macho, kisha mgongo wa mlima.
- Onyesha umbali. Milima ya mbali ipake buluu hafifu yenye maji mengi. Miti ya karibu, kijani kilichokolea.
- Ukungu ukitanda, karatasi huchelewa kukauka. Subiri kabla ya kupaka tabaka la pili.
- Keti mbali na ukingo wa jabali.
- Usimwage maji machafu kijitoni. Baadhi ya rangi zina metali zenye sumu, na wakazi wa bondeni hutegemea maji ya kijito hicho.